Milimita za Marehemu

Machi 3
Kwa miaka thelathini na moja sijakosa hata asubuhi moja kusoma kipimo cha mvua. Iwe jua, upepo, homa, harusi au msiba, saa tatu kamili mimi niko kizimbani na kioo mkononi. Siku mtakayonizika mseme hivyohivyo, msipunguze. Leo 4.1.

Machi 4
0. Mawingu mengi, ngurumo nyingi, maji hakuna. Kama mkutano wa mtaa.

Machi 5
11.6. Nimwelezee atakayeokota daftari hili. Mimi kwa kazi ni fundi wa kufuli, na mbele ya nyumba yangu kuna kizimba cha waya, na ndani yake kopo refu la shaba. Mvua huingia kwenye kopo. Mimi namimina kwenye kioo chenye mistari, nasoma, naandika. Kioo kinabeba milimita kumi. Zikizidi namimina tena na kuhesabu. Kila mwisho wa mwezi napeleka nakala ofisi ya hali ya hewa. Hawanilipi. Walinipa koti la mvua, panya wakalimaliza mwaka wa pili. Katika daftari kuna safu pana imeandikwa "Maelezo". Ofisini hakuna aliyewahi kuisoma, ndiyo maana naandika humo ninavyotaka.

Machi 8
0.9. Shemeji kaja kunikopa bisibisi na matusi. Huyu ni mdogo wake marehemu mke wangu, kinyozi, duka lake liko mtaa wa chini, kando ya mto, mlango wa pili kutoka kwa binti yangu.
"Bado unapima mikojo ya mawingu?" akaniuliza.
Nikamwambia, "Na wewe bado unanyoa watu masikio?"
Tukanywa chai. Alipoondoka bisibisi ilikuwa imeondoka naye.

Machi 11
Leo 2.7, na leo nimepata mgeni.

Ofisi ya hali ya hewa imemtuma binti mmoja mwenye miwani, mpole, viatu vyake vizuri mno kwa matope yetu. Anatengeneza ramani ya hatari ya mafuriko. Nimempa jina la Bi Asilimia, kwa sababu kila ukimuuliza jambo anakujibu kwa asilimia. Nilimuuliza kama atakunywa chai, nikangoja aseme sitini kwa mia.

Alitandaza ramani mezani. Kuna mstari mwekundu unaofuata mto. Walio ndani ya mstari, serikali ya mji itawahamisha kabla mvua haijakolea, kwa malori yake. Walio nje watabaki. Mstari unapita nyuma ya mtaa wa chini, hatua mbili tu kutoka ukuta wa chumba cha binti yangu. Binti yangu ni fundi cherehani; analala humo, anashona humo, vyerehani vyake vitatu vimo humo.

"Hatua mbili," nikasema. "Maji yatahesabu hatua?"
"Mzee, si kwamba nje ya mstari hakuna hatari. Nje yake uwezekano ni chini ya mmoja kwa mia kila mwaka."
"Mmoja kwa mia ndiyo nini? Atalowa kidole kimoja?"
Akacheka, lakini hakukwepa swali. Alisema hali ya hewa inabadilika, na kompyuta zao hazikubaliani: sita zinasema mvua itazidi, tatu zinasema itapungua. Kwa hiyo wanaegemea kumbukumbu za zamani, na katika bonde hili kumbukumbu zote za zamani ni mimi. "Bila daftari zako tungekuwa vipofu," alisema. Nilivimba kama chura.

Nikamtolea daftari zote sandukuni. Akawa anasoma kwa sauti huku anaandika kwenye mashine yake, na mimi nachemsha maji.
"Machi tatu, nne nukta moja. Machi nne, sifuri. Machi tano, kumi na moja nukta sita..."
Nikamwambia, "Hilo la mwaka huu liache, bado linatumika."
"Hili si la mwaka huu, mzee. Hili ni la miaka kumi na tisa iliyopita."

Nilisogea nikasoma juu ya bega lake. Machi 8, 0.9. Machi 11, 2.7. Wino wangu, mwandiko wangu. Maji yalichemka yakazima jiko, sikuyaona.

Machi 12
Kabla ya kwenda kizimbani nilifungua daftari la zamani. Limeandikwa 17.8. Kwenye kioo: 17.8.

Machi 13
0 na 0. Basi niseme.

Nilidanganya hapo juu. Nimekosa asubuhi arobaini na sita, zote mfululizo, zote mwaka ule. Mke wangu alilazwa hospitali ya mbali, safari ya siku nzima, nami nikalala wiki saba kwenye kiti kando ya kitanda chake. Daftari nilikuwa nalo, kopo nililiacha peke yake nyumbani. Ningeweza kuandika "sikuwepo". Lakini nilikuwa na sifa yangu, ile niliyoifungulia ukurasa wa kwanza.

Kila saa tatu asubuhi nilikuwa nachomoa kalamu, na yeye anacheka kwa sauti ndogo aliyobakiwa nayo. "Ofisi inangoja," anasema. Anafumba macho, anatega sikio kama mtu anayesikiliza bati, kisha anatoa namba. "Andika sita nukta tatu." Mimi naandika. "Leo hakuna." Mimi naandika sifuri. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu, hatukuwa na mwingine. Kwa hiyo zile mvua hazikunyesha popote. Alizitunga mtu mgonjwa akiwa amefumba macho. Au tuseme mwaka ule nilidhani alizitunga.

Na juu ya mvua hizo ndipo Bi Asilimia alipochora mstari wake.

Machi 14
0. Sawa na lake.

Machi 15
6.3. Sawa.

Machi 16
Nikasema labda macho yangu yanaona yanachotaka. Nikaweka kopo jingine nyuma ya nyumba, la rangi, nimelipima vizuri mdomo wake. La mbele 8.8. La nyuma, licha ya rangi iliyoganda ndani, 8.8.

Machi 17 hadi 24
Sawa. Sawa. Sawa. Sina hamu ya kuandika. Asubuhi natoka na kioo kama mtu anayekwenda kufungua barua ambayo ameshasomewa.

Machi 25
31.0, sawa. Leo nimefanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nimeruka kurasa nikaenda mbele.

Aprili 17. Siku ile aliyokufa. Nilikuwa nimeisahau namba kwa kuwa nilitaka kuisahau. Jana yake alasiri aliniita akasema, "Ya kesho nakupa leo. Andika mia moja arobaini na tatu nukta sita." Nikamwambia, "Mama, watanicheka, mvua ya hivyo haijawahi kunyesha kwetu." Hakucheka. Akasema, "Andika." Asubuhi hakuwepo, nami nikaandika.

Baada ya mazishi ofisi ikapiga simu: mzee, hii mia na arobaini vipi? Nikasema nukta imeteleza, ni kumi na nne nukta tatu. Wakashukuru. Kwenye daftari zipo zote mbili: ile ya kwake imekatwa kwa mstari, na juu yake uongo wangu wa pili, mdogo, safi, unaoaminika.

Machi 26
Nimekwenda mtaa wa chini. Binti yangu alikuwa anashona sare za shule, pini mdomoni.
"Mwanangu, hama hapa kabla ya tarehe kumi na saba mwezi ujao."
"Baba, umeanza."
"Safari hii sitanii."
"Na ile mara uliyosema mfereji wa maji umeingiwa na mamba, ulikuwa unatania? Mtaa mzima ulibeba ndoo mpaka kisima cha juu siku tatu."
Ni kweli nilisema. Ilikuwa raha sana.
"Ramani imebandikwa pale ofisi ya mtaa," akasema. "Mimi niko nje ya mstari. Wasomi wamepima."
Ningemwambia wamepima nini. Ningemwambia hizo namba alizisema mama yake. Lakini alikuwa na miaka kumi na sita wakati ule, na mpaka leo anajua baba yake alikuwa anamtoa wodini kila asubuhi ili "apige simu ya kipimo" kwa jirani anayesoma kopo. Nikaondoka na uongo wangu kama nilivyokuja nao.

Mlangoni Shemeji alikuwa amesikia. Akakipiga kiganja kile kioo chake kikubwa cha kunyolea, kilichotundikwa usawa wa kifua.
"Maji yakifika kwenye kioo hiki, nitakutumikia asubuhi moja nzima. Ukinituma hata kuzimu nakwenda na wembe wangu."
"Mashahidi?"
Mteja mwenye povu nusu ya uso akainua mkono.

Machi 31
12.2. Sawa. Nimepeleka nakala ya mwezi. Kijana wa mapokezi akasema, "Mzee, kila mwaka wewe ndiye wa kwanza." Niliona aibu, na mimi aibu ni kitu ambacho nilidhani nilikiuza zamani.

Aprili 4
22.5. Mto umepanda mpaka kwenye mawe wanayofulia. Watu wanasema mwaka mzuri.

Aprili 7
Nimevaa shati la mazishi nikaenda ofisini kwa Bi Asilimia. Chumba kina joto, mashine tatu zinapiga kelele kama nyuki, na ukutani ramani yetu, kubwa kama shuka. Nikamwambia yote, kuanzia kiti cha wodini mpaka nukta iliyoteleza. Nikamfungulia daftari mbili, la zamani na la sasa, kando kwa kando.

Alifuata mistari kwa kalamu. Siku thelathini na sita. Nilimwona vinyweleo vya shingo vikisimama.
"Mzee," akasema polepole, "mtu anayejua namba kabla ya kusoma, husoma anachokijua."
"Na kopo la nyuma?"
"Alilisoma nani?"
"Mimi."
"Ndiyo hivyo."
"Basi nifukuze. Lakini uwahamishe watu wa mtaa wa chini."
Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka:
"Siwezi kuhamisha mtaa kwa sababu ya marehemu mkeo. Hakuna bosi atakayeweka sahihi. Lakini naweza kuuhamisha kwa sababu wewe ni mwongo."

Akanieleza. Mstari wao ulikuwa mwembamba kwa sababu waliniamini. Aliyedanganya msimu mmoja, yote yake yanatiliwa shaka. Kituo changu kitafutwa, miaka yote thelathini na moja. Kikifutwa, hawajui tena mto huu unaweza nini. Na wasipojua, kanuni inawataka wauweke mstari mbali zaidi na mto.
"Kwa hiyo mkijua kidogo, watu wengi ndio wanapona?"
"Tukikubali kwamba hatujui, ndiyo."
"Basi nifute."
Akanipa fomu. Palipoandikwa "sababu" niliandika: tamaa ya sifa. Nikatia sahihi. Kalamu yao haikuwa nzuri.

Aprili 8
3.3. Sijui naandika kwa ajili ya nani sasa.

Aprili 12
Ramani mpya imebandikwa. Mstari umeruka mitaa miwili. Mtaa wa chini wote umo ndani. Jina la kituo changu limeondolewa pembeni ya ramani, pamebaki alama nyeupe kama mahali palipokuwa na picha ukutani. Malori yatakuja tarehe kumi na sita jioni. Mimi ndiye niliyemnong'oneza Bi Asilimia: kumi na saba ndiyo siku, kumi na sita jioni inatosha.

Binti yangu amesoma sababu iliyobandikwa chini ya ramani: vipimo vya mwaka ule vilitungwa, kwa tamaa ya sifa. Amekuja mpaka mlangoni, hakuingia.
"Ni kweli ulikuwa hupigi simu?"
"Ni kweli."
"Ulikuwa unafanya nini kila saa tatu mkinitoa nje?"
"Mama yako alikuwa ananisomea mvua."
Alinitazama kama anatafuta pa kucheka, hakupaona. Akaenda zake. Usoni alikuwa mama yake kabisa, nikaogopa.

Aprili 15
40.7. Sawa. Hewa imetulia kama chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Aprili 16
Naandika haya jioni juu ya goti, msamehe mwandiko.

Saa tatu asubuhi nilikwenda kizimbani. 9.2, sawa na lake. Jua linawaka, mbingu imeoshwa. Nikaandika 9.2 kwenye tarehe kumi na sita, na kalamu ikaganda hapohapo.

Miaka thelathini na moja. Mpima mvua yeyote anajua: unachomimina saa tatu ni mvua ya tangu jana saa tatu. Ile 9.2 ya leo imenyesha jana. Basi namba ya kesho hainyeshi kesho. Namba ya kesho inanyesha leo. Ilikuwa imeshaanza muda wake, wakati mimi nimesimama pale na kioo kikidondosha tone la mwisho. Na malori ni jioni.

Nilikimbia. Mzee wa miaka sabini na mbili anakimbia na kioo mkononi, mbwa wote wa mtaa walifurahi. Binti yangu aliponiona alitaka kusema jambo, akaona uso wangu, akatema pini.
"Leo?"
"Leo. Nimekosea siku."
"Jua hilo baba."
"Nalijua jua. Beba."
Hakuuliza tena. Akachomoa mkanda wa cherehani cha kwanza. Aliponiacha nishike upande wa pili, ndipo nilipojua amenisamehe, au ameahirisha.

Tukabeba kwa mkokoteni, kwa mgongo, kwa kitanda kilichogeuzwa. Majirani walicheka mpaka saa sita. Saa sita na nusu wingu lilitokea nyuma ya kilima, jeusi, chini, bila upepo. Hakuna aliyecheka tena. Lilikuja taratibu kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Bi Asilimia alikuja na lori moja aliloliomba kwa nguvu, viatu vyake vizuri vikafia matopeni. Shemeji alikataa kutoka, akakaa kwenye kiti chake cha kunyolea amekunja mikono, mpaka maji yalipompita vifundoni. Hapo alitoka na kiti chenyewe kichwani, ananitukana mimi, mvua na ukoo wangu.

Saa kumi na moja mto ulikuwa ndani ya mtaa. Sikusikia kishindo nilichotarajia. Ulifungua milango mmoja baada ya mwingine, na kufuli nilizozifunga kwa mkono wangu hazikusaidia kitu. Tumehesabiana shuleni juu ya kilima mara tatu. Wote wapo.

Aprili 17
Bi Asilimia amelala shuleni na watu, asubuhi akaja kwangu na nguo za jana. Akasema, "Leo namimina mimi. Wewe geuka." Nikageuka nikatazama ukuta.
Kioo cha kwanza. Cha pili. Anahesabu kwa sauti. Cha kumi. Cha kumi na tatu. Cha kumi na nne. Kisha tone, na tone.
"Tatu nukta sita," akasema.
Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye matope ndani ya kizimba changu, kioo mapajani, anakitazama kama kimemwita jina.

Aprili 18
0. Baada ya kifo cha mke wangu mimi niliendelea kujaza daftari lile peke yangu, na sikuwa na namba. Niliteremsha sifuri mpaka mwisho wa Mei, bila kwenda kizimbani wala kutazama ukurasa; zile arobaini na sita nilizokiri zilikuwa zake, hizi zangu sikuzihesabu.

Aprili 30
0 zote. Mvua imekata kama simu. Mashina ya mahindi yanaanza kujikunja. Hizi ni zangu, naona aibu nazo.

Mei 9
0. Shemeji amerudisha kiti dukani. Kioo chake kina mstari wa tope katikati, usawa wa kifua, anakataa kuufuta, anawaonyesha wateja kana kwamba aliupanga yeye.

Mei 15
0. Binti yangu anashona kwangu sasa, chumba cha mbele. Leo, bila kuinua kichwa: "Alikuwa anafumba macho?" Nikasema ndiyo. "Nami hufumba nikitafuta kipimo cha bega." Akaendelea kukanyaga.

Mei 22
0. Nimefungua daftari la zamani kuzitazama sifuri zangu. Kwenye mstari wa Mei 24, chini ya wino wangu, kuna penseli. Nilikuwa nimeandika juu yake bila kuiona. Mwandiko si wangu. Lazima aliandika nikiwa nimesinzia kitini.

"0.4. Usianue nguo, ni manyunyu tu."

Maisha yetu yote alinicheka kwa hilo: tone moja likidondoka, mimi nakimbilia kamba.

Mei 23
0. Safari hii sikosei siku. Nilichosoma leo ni cha jana; namba ya kesho imeanza kunyesha, kama ipo, leo saa tatu. Nimejifungia ndani, madirisha nimeyafunga, sitaki kuona wala kusikia bati.

Shemeji, daftari hili nalituma dukani kwako kwa mkono wa binti yangu, lisome safu ya Maelezo kisha ulirudishe, usilitumie kufutia wembe. Maji yalifika kwenye kioo chako, na mwenye povu ni shahidi. Uniletee ile asubuhi yangu. Kesho, saa tatu kamili, uje unisomee kopo. Nikienda mwenyewe nitaandika 0.4 hata nikikuta vumbi na buibui, unanijua. Wewe tangu nimwoe dada yako hujawahi kunipa neno tamu, kwa hiyo jicho lako naliamini. Ufunguo wa kizimba uko juu ya mlango. Soma, andika, usinipunguzie wala usiniongezee.

Na usipite nyuma ya nyumba. Nimeanika nguo.